Gorogoro ya Kusafisha Mashine

Mwaka ule mahindi yalipoadimika, nilipanga foleni kwenye mashine ya kusaga hapa Migori. Mama mmoja mwenye shingo iliyovimba alimpa msagaji mahindi ya gorogoro moja, kopo la kilo mbili.

"Ndugu yangu, saga haya kwanza yasafishe mashine, halafu uwape kuku. Ndipo unisagie wimbi."

"Kuku!" Mwanamke aliyebeba beseni la dagaa wa omena na njugu alipiga makofi. "Watoto wanalala njaa, wewe unalisha kuku?"

Mama alijieleza huku akikunja vidole, kimoja kimoja. Tezi ya shingo haifanyi kazi, anaishi kwa vidonge. Akila ngano, matumbo yanachubuka. Akionja omena au njugu, koo linaziba. "Na mashine hii inasaga hivyo vyote."

"Unga ni unga, mama!" sauti ikatoka nyuma. Foleni nzima ikacheka.

Ningependa kuwaambia sauti ile ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa yangu.

Mama aliona haya. Alirudisha mahindi yake kwenye mfuko aliokuja nao, akampisha mwenye omena, kisha akasagiwa wimbi wake papo hapo, mashine ikiwa bado inanuka samaki.

Wiki iliyofuata nilimuulizia. Msagaji hakuniangalia. "Tulimzika Jumamosi. Koo liliziba kabla hajafika hospitali."

Siku hizi, kila asubuhi, msagaji husaga kwanza gorogoro moja ya mahindi yake mwenyewe, akawamwagia kuku. Sisi tunangoja, na hakuna anayemwambia unga ni unga.