Siku Sabini na Sita za Tangi Tupu

Kazi yake ilikuwa maji. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi katika wodi ya kusafishia damu, ile wodi ambayo watu wenye figo zilizoshindwa kazi hufika mara tatu kwa wiki, wakaketi kwenye viti vya kulalia na kuunganishwa na mashine kwa saa nne. Wengi hawajui kwamba mashine zile zina kiu ya ajabu. Mgonjwa mmoja kwa kikao kimoja hutumia maji ya kujaza pipa, na maji hayo hupita jirani kabisa na damu yake. Kwa hiyo nyuma ya wodi kulikuwa na chumba chembamba chenye matangi, pampu na mabomba, na humo ndimo fundi wetu alimoshinda, akichuja, akipima, akiandika kwenye daftari. Wauguzi walimwita Bwana Maji. Alikuwa mrefu, hana maneno mengi, na alikuwa na mazoea ya kunusa glasi kabla ya kunywa, hata akiwa mgeni kwa watu, jambo ambalo mkewe hakulizoea hata siku moja.

Tangi la samaki lilimwangukia tu. Daktari mmoja alipostaafu aliliacha wodini: sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, maji ya chumvi, mawe ya baharini, kamba wawili wekundu na samaki wanane. Hakuna aliyejua kulitunza. Muuguzi mkuu alisema, "Wewe ndiye mwenye maji," na habari ikaishia hapo. Mwaka wa kwanza aliua samaki kadhaa kwa kutojua. Baada ya hapo akasoma, akauliza, akaelewa, akanunua wengine wakawa wanane tena. Wagonjwa nao walilizoea tangi kama watu wanavyozoea dirisha. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao hawakuachana hata dakika, waliitwa Maharusi.

Mgonjwa aliyekaa karibu zaidi na tangi alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye zamani alifundisha hesabu. Wote walimwita Mwalimu. Kisukari kilikuwa kimekwisha kumla figo, sasa kilikuwa kinamalizia macho.

Siku moja Mwalimu alimwita Bwana Maji. "Mwanangu, Maharusi wamehama?"

"Hapana, Mwalimu. Hao hapo mbele yako."

Alikodoa kwa muda. "Naona ukungu wa chungwa. Huwezi kuniletea samaki mkubwa kidogo, mwenye rangi kali? Ninayeweza kumwona mimi."

Bwana Maji alizunguka kwa wauza samaki mpaka akampata: kangaja, samaki bapa kama kiganja, wa buluu iliyokolea, mkia wa njano. Sasa, kila mfugaji wa samaki wa chumvi anajua sheria moja. Samaki mgeni haingizwi tangini siku aliyofika. Anakaa peke yake karantini, wiki nne mpaka sita, kwa sababu anaweza kuonekana mzima kumbe amebeba vimelea. Bwana Maji alikuwa ameishika sheria hiyo miaka yote. Lakini alimfikiria Mwalimu, akafikiria wiki sita kwa mtu ambaye macho yake yanafifia kwa wiki, akamtazama yule kangaja aliyekuwa akiogelea kwa madaha ndani ya mfuko. Akamtia tangini siku ileile.

"Huyo!" Mwalimu alisema alipomwona akipita. "Huyo namwona!" Akacheka mpaka muuguzi akamwomba atulize mkono wenye sindano.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi, asubuhi ya Jumatatu, kangaja alikuwa na madoa meupe mwilini, madogo kama punje za chumvi, naye alikuwa akijisugua kwenye mawe kama ng'ombe mwenye kupe. Kufikia mchana Maharusi nao walikuwa nayo. Bwana Maji aliujua ugonjwa ule. Vimelea hujichimbia kwenye ngozi na kwenye matamvua ya kupumulia, vikishiba vinadondoka chini, vinajifungia ndani ya kijigamba na kujigawa, kisha vinatoka kwa mamia kutafuta samaki mwingine. Ndani ya tangi la kioo hakuna pa kukimbilia.

Wauguzi walipouliza, alijibu, "Yule muuzaji ameniuzia samaki mgonjwa." Lilikuwa neno la kweli. Lakini hakuongeza la pili.

Tiba aliyoijua ilikuwa dawa ya shaba. Shaba huua vimelea, ila huua pia kamba na kila kiumbe kisicho na mifupa, kwa hiyo haitiwi kwenye tangi kuu. Akawavua samaki wote tisa na kuwaweka kwenye beseni kubwa. Na beseni lile, kwa kuwa palikuwa na joto na umeme wa pampu ya hewa, akaliweka kwenye chumba cha maji. Hilo ndilo kosa lililokuja kumtesa kuliko yote. Chumbani mle hamkupaswa kuingia hata sabuni ya kigeni, sembuse chupa ya shaba. Alijua. Alijiambia ni siku chache tu.

Haikwenda vizuri. Jumanne usiku kangaja alikufa. Jumatano wakafa wawili, Alhamisi mmoja, na huyo alikuwa mmoja wa Maharusi. Labda dozi ilikuwa kali, labda aliipandisha haraka. Vipimo vyake vya shaba vilikuwa vya zamani na rangi zake zilimdanganya.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, wagonjwa wa zamu ya kwanza walikuwa wameshafika. Kumi na wawili. Yeye alikuwa chumba cha maji akisuuza vyombo ili aanze vipimo vya asubuhi. Akalishika jagi la plastiki ambalo hutumia kupimia dawa ya kusafishia mabomba. Chini yake, kwenye pembe, palikuwa na mstari mwembamba wa kijani-buluu, rangi ya ile dawa ya shaba.

Alisimama nalo mkononi. Alikuwa na majagi mawili. La samaki lilikuwa na mpini uliovunjika, na hili lilikuwa zima. Mabomba aliyasafisha jana alasiri. Dawa ya samaki aliichanganya jana mchana, baada ya kumtoa yule wa Maharusi aliyekufa, akiwa na haraka na roho imechafuka. Alichanganyia kwenye lipi? Alijaribu kuiona mikono yake jana. Hakuiona.

Alipiga hesabu. Mabomba yalisuuzwa saa mbili nzima baada ya dawa. Kama kulikuwa na tone la shaba, lilishakwenda na maji machafu. Karibu hakika. Ila alijua pia shaba hufanya nini ikifika kwenye damu: hupasua chembe nyekundu, na mtu huweza kufa kwenye kiti huku anatazamwa. Kipimo chake hakikuwa cha kuaminika, alikuwa amekwisha kuona. Na upande wa pili wa ukuta alisikia muuguzi akimtania Mwalimu juu ya uzito wake, na Mwalimu akijibu kwamba mizani ndiyo imenenepa.

Akatoka na jagi.

"Sista Mkuu, usiwashe mashine."

Muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kutosha ukumbi, aligeuka. "Kuna nini, Fundi?"

"Sina hakika na maji."

"Huna hakika namna gani?"

Akamweleza. Yote: beseni, shaba, jagi. Muuguzi mkuu hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi. Alilitazama jagi, akamtazama yeye, akasema polepole, "Kwenye chumba cha maji. Wewe. Wewe uliyemfukuza fundi wa umeme kwa sababu ameingia na chai."

"Mimi."

Siku ile hakuna aliyesafishwa damu. Maji yalipelekwa maabara, wagonjwa wakatafutiwa nafasi kwa simu katika hospitali nyingine, ambazo zilikuwa karibu kujaa. Wanne walipata nafasi. Wengine wakaambiwa warudi kesho yake, wasinywe maji mengi, wasile chumvi. Kijana mmoja dereva aliyeacha safari ili aje alisema maneno ambayo hayaandikiki. Bwana Maji alisimama pale mlangoni na kuyapokea yote. Mwalimu aliinuka kitini. Binti yake alimshika mkono wakaondoka taratibu.

Majibu yalirudi jioni. Maji yalikuwa safi. Hapakuwa na hata chembe ya shaba.

Mtu angedhani angefurahi. Lakini Jumamosi asubuhi Mwalimu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, miguu imevimba kama mito, pumzi zinakoroma kwa maji yaliyojaa kifuani. Walimwekea oksijeni kabla hata ya kumpima. Bwana Maji aliisikia ile pumzi tangu kwenye korido. Aliingia chumba chake, akafunga mlango, akakaa juu ya mfuko wa chumvi. Kama angenyamaza, Mwalimu angesafishwa jana na angekuwa nyumbani anabishana na binti yake. Kama angenyamaza na jagi likawa na shaba, je? Alizungusha mawazo hayo mpaka kichwa kikauma, na hayakumfikisha popote.

Alipewa barua ya onyo. Ufunguo wa chumba cha maji ukakabidhiwa kwa mwenzake kwa miezi mitatu, yeye akawa anaingia kwa kusindikizwa. Kuhusu samaki, muuguzi mkuu alisema maneno machache: "Leo hii. Nje."

Akawabeba samaki watano waliobaki mpaka nyumbani, ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Mkewe alikuwa fundi cherehani na hakuwa mtu wa kustaajabu kirahisi. Alichungulia ndoo, akauliza, "Hawa ndio waliokutia matatani?"

"Nilijitia mwenyewe, mama watoto."

"Basi waingie. Lakini shaba haingii humu ndani."

Hata yeye hakuitaka tena. Kulikuwa na njia nyingine isiyo na dawa, ngumu kwa mgongo lakini salama. Unakuwa na mabeseni mawili. Samaki wanakaa kwenye la kwanza siku tatu, vile vimelea vinavyodondoka vikishika chini. Kabla havijapata nafasi ya kupasuka na kuogelea, unawahamishia samaki kwenye beseni la pili, safi, lililokwisha kukaushwa na kutiwa maji mapya. La kwanza unalimwaga, unalisugua, unalianika mpaka likauke kabisa. Unarudia mara nne. Vimelea vinabaki nyuma kila mara, mpaka samaki anakuwa hana kitu tena.

Bafu likachukuliwa na mabeseni. Familia ikaoga uani kwa ndoo kwa muda wa nusu mwezi, na binti yao mkubwa akatangaza kwamba akiolewa atauliza kwanza kama bwana anafuga chochote. Siku ambazo Bwana Maji alikuwa kazini, mkewe ndiye aliyehamisha samaki, kwa bakuli na si kwa wavu, maana wavu huchuna ngozi. Mmoja alikufa siku ya kwanza ya kuhamishwa. Mkewe alimpigia simu kazini kumwambia.

"Nilimwahi kweli," alisema. "Nilimwahi, lakini alikuwa amechoka."

Wanne walipona. Madoa yakaisha, matamvua yakatulia, wakaanza kugombania chakula.

Lakini tangi la wodini lilikuwa bado na vijigamba kwenye mawe na mchanga. Ilibidi likae bila samaki hata mmoja siku sabini na sita, mpaka kila kimelea kipasuke, kikose pa kushika, kife. Kamba wawili walibaki humo peke yao, wakitembea juu ya mawe kama walinzi wa jengo lililofungwa. Wagonjwa walilalamika. Mmoja akaomba iletwe runinga. Muuguzi mkuu alitaka tangi liondolewe kabisa, kisha akasema atafikiri.

Wiki iliyofuata ile Ijumaa, Bwana Maji alikwenda kumwona Mwalimu kwenye wodi alikolazwa. Alimkuta ameketi, amekonda usoni. Alimwambia lile neno la pili ambalo hakuwaambia wauguzi: kwamba hakumweka kangaja karantini hata siku moja, na kwa nini.

Mwalimu akahitimisha: "Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana, Mwalimu. Wewe uliomba samaki tu."

"Ndiyo. Nilikuomba samaki, sikukuomba ujinga." Alivuta shuka. "Ile Ijumaa nilikuchukia. Nataka ujue. Nililala nimekaa, nikihesabu pumzi, nikikuchukia."

"Najua."

"Na yule muuza samaki uliyemtupia lawama? Umemwambia nini?"

Bwana Maji aliinuka. Siku hiyohiyo, akitoka hospitali, alipitia kwa muuzaji, akamweleza kwamba amemsema vibaya mbele ya watu na kosa kubwa lilikuwa lake. Muuzaji alimsikiliza huku akipanga mifuko. "Wateja wawili wa hospitalini kwenu waliacha kuja," alisema. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha kiti.

Siku ya sabini na saba samaki walirudi. Muuguzi mkuu alikuwa ameruhusu kwa masharti yaliyobandikwa ukutani, la kwanza likiwa kwamba hakuna ndoo, jagi wala chupa ya tangi itakayovuka mlango wa chumba cha maji. Bwana Maji aliyaandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Kati ya Maharusi alirudi mmoja, na wagonjwa wakamwita Mjane siku ileile.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake. Macho yalikuwa yamekwisha, anaona mwanga na kivuli tu. Tangu hapo, saa nne kamili, wakati wa chai, Bwana Maji alikuja kukaa karibu naye kumweleza kinachoendelea ndani ya kioo. Hakuwa msimuliaji mzuri.

"Mjane yuko wapi?"

"Nyuma ya jiwe."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, Mwalimu. Ametulia tu."

"Na wengine?"

"Nao wametulia."

"Ungeweza kunidanganya kidogo," alisema Mwalimu, akageuza uso kuelekea mwanga wa tangi.

"Naweza kukwambia kamba mmoja amepanda juu ya bomba," alisema Bwana Maji. "Hilo ni kweli."