Dévote Alivyotolewa Rovu Akiwa Anasikia

Dévote alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, tangu Uvira, Kongo. Kwao wanawake wengi walikuwa nalo, na hakuna aliyelihesabu kuwa ugonjwa. Alikuja nalo Sydney, akafanya nalo kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba moja kule Quakers Hill, akaimba nalo kwaya. Rovu likikua, yeye anatafuta kitambaa kipana zaidi cha kufunga shingoni.

Kisha korona ikaja. Mwaka 2021, mitaa yetu ya magharibi ikiwa imefungwa na helikopta za polisi zinazunguka juu ya mapaa, Dévote aliugua mpaka akawekewa oksijeni. Alipona, lakini mapafu yalibaki kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno. Na rovu nalo, kama lililokuwa likingoja nafasi, likaanza kumbana koo. Akilala chali anakosa pumzi. Akawa analala ameketi kwenye sofa, mto nyuma, mto ubavuni.

Mwaka uliofuata, hospitali zilipoanza tena kupokea wagonjwa wa kupasuliwa, daktari alisema rovu litoke. Daktari wa usingizi akatazama picha za mapafu, akatikisa kichwa. Akimlaza kabisa kwa dawa, mashine impumulie, huenda mama huyu asirudie kupumua mwenyewe. Lakini likibaki, litamziba koo. Kulikuwa na njia moja: sindano za ganzi shingoni, na maneno.

"Maneno gani?" Dévote akauliza.

Ndipo akaletwa Kawira, muuguzi kutoka Meru, Kenya, aliyejifunza kwa daktari wa usingizi kazi hiyo ya kumtuliza mtu kwa maneno. Daktari mwenyewe aliwaongoza wagonjwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Dévote kilikuwa cha kazini tu: geuka, inua mguu, unataka chai? Huwezi kumtuliza mtu kwa lugha anayoitolea jasho. Kawira alikuwa amevaa barakoa, hivyo Dévote aliona macho tu, na chini ya macho ikatoka sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, ikamwita kwa jina la mwanawe.

"Si usingizi, Mama Lydie. Utakuwa unasikia. Mawazo yako ndiyo yatakuwa yameenda mahali pengine."

"Nani atayapeleka?"

"Wewe mwenyewe. Mimi nakusindikiza tu."

"Na yakikataa kurudi?"

"Yatakataaje, na kwaya inakungoja?"

Dévote alicheka, lakini nyumbani mumewe Bahizire hakucheka. "Mutu wanamukata shingo na hasikii uchungu? Hiyo nguvu inatoka kwa nani? Watanirudishia mimi mwanamuke mwingine!"

Neno hilo lilimkaa Dévote moyoni. Kifo alikuwa amekwisha kukiona karibu. Kurudi akiwa si yeye, hilo hakuliweza. Siku ya kujaribu hayo maneno kabla ya upasuaji, akamwuliza Kawira waziwazi kama hiyo kazi ni ya mapepo.

Kawira hakukasirika. Alivuta kiti. "Hata wazungu waliuliza hivyohivyo," akasema. Akamweleza kwamba zaidi ya miaka mia mbili iliyopita kulikuwa na daktari kutoka Vienna, jina lake Mesmer, aliyedai kuna nguvu isiyoonekana inayopita mwilini kama maji, naye anaiongoza kwa mikono na sumaku. Paris walimmiminikia. Watu wanaanguka, wanalia, wanasema wamepona. Mfalme akaunda tume ya wataalamu. Wakawafunga watu macho, wakaona ajabu: anayeguswa bila kujua hapati kitu, na anayedhani anaguswa anaanguka. Wakaamua kwamba nguvu hiyo haipo, ni mawazo tu.

"Mawazo tu!" Kawira akarudia. "Hebu fikiria. Wamekishika mkononi, halafu wanakiita *tu*."

Kisha akamfikisha India, miaka ya 1840, dawa za usingizi hazijafika. Daktari mmoja wa Kiskoti aliwaweka wasaidizi wapitishe mikono juu ya mgonjwa saa nyingi, halafu anakata uvimbe mkubwa kuliko rovu hili mara nyingi. Inasimuliwa kwamba wengine waliamka wakiuliza kazi inaanza lini.

"Wote?"

"Si wote. Wengine waliumia, siwezi kukudanganya. Halafu ikaja etha, unanusa unalala, na mambo ya mikono yakawekwa kando. Leo hatupitishi mikono. Tuna ganzi, na tuna maneno."

"Kwa hiyo si pepo."

"Ni wewe, Mama Lydie."

Kwamba ndani yake mwenyewe kulikuwa na kitu kikubwa namna hiyo, na miaka yote alikitembeza kwenye treni bila habari, kulimwogofya Dévote kuliko mapepo.

Wakaanza. Dévote akafumba macho.

"Mabega yako yanalegea," Kawira akasema polepole.

"Amina!"

"Pumzi yako inatulia."

"Amina, Bwana!"

Daktari wa usingizi akageuka kutazama. Kawira akajikaza asicheke. "Mama, mbona unanijibu?"

"Mutu anakusemea maneno mazuri umefunga macho, unanyamaza? Hiyo ni kukataa baraka!"

Wakajaribu akae kimya; mikono ikakaza, uso ukajikunja. Aliporuhusiwa kuitikia, alilegea kama unga uliotiwa maji. Lakini shingo inayokatwa haiwezi kupayuka. Wakaelewana: Amina ataisema kwa kidole.

Siku yenyewe, Dévote alichagua kwenda kwa mawazo uani kwa mama yake, kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kawira aliinama sikioni, akamtia mchi mikononi. Sindano zikaingia. Kidole kikainuka. Dévote alijua wanamkata. Alisikia kitu kama mtu anayepasua kitambaa nyumba ya jirani, akaona si jambo linalomhusu. Ikaja harufu ya kuungua. Moyo ukashtuka, na sauti ya Kawira ikamwahi: "Mama yako anachoma mahindi." Kidole kikainuka tena. Mahindi yalikuwa matamu.

Kisha sauti ya daktari wa upasuaji, kwa Kiingereza, ndogo na kavu. Amefika kwenye mshipa wa sauti, ule ukiguswa vibaya mtu hubaki na sauti ya kukwaruza. Anataka kumsikia.

"Mama Lydie," Kawira akasema, "sasa jibu kwa mdomo. Sombe imeiva."

"Amina."

Ilitoka safi. Chumba kizima kikasimama kidogo. Walipaswa kuendelea kukata, lakini hakuna mkono uliosogea, kwa sababu mwanamke mwenye shingo wazi alikuwa amewajibu kama anayeitikia salamu barabarani. "Tena," daktari akaomba. "Amina." Wakaendelea.

Alasiri Bahizire alipiga simu kutoka kwenye maegesho, maana wageni hawakuruhusiwa ndani. Alitaka uhakika. "Sema jina la mbuzi tuliyemuacha Uvira!"

"Bahizire, shetani anajua majina ya mbuzi wote. Uliza kitu kingine."

Bahizire akasikika akipumua kwa kishindo. "Ni wewe," akasema. "Na kile kisu? Ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Halafu?"

Dévote alikuwa amelala chali, mto mmoja tu chini ya kichwa. Alitafuta neno kwa Kiswahili, kisha kwa Kifuliiru cha kwao, akalikosa kote.

"Sijui nikuambie nini, Papa Lydie," akasema. "Nilikuwa pale, na nilikuwa mzima."