Tarehe Niliyomficha Fundi

Mwaka 2016, mwezi wa Juni, kipupwe kikiwa kimeanza kuuma na ulezi ukiwa umekwisha kukatwa karibu Ufipa yote, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mjane wa miaka miwili, na mwanafunzi wa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima pale Katandala. Usicheke, mwanangu. Kwa umri nilikuwa mtu mzima, lakini kwa elimu nilikuwa kijana kabisa, na kosa nililolifanya mwezi ule lilikuwa kosa la kijana. Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumanne, tarehe 7, siku niliyofunga rimu mpya na matairi mapya kwenye gari la marehemu.

Marehemu mume wangu aliacha pikapu nyeupe. Kwa gari hilo nilipandisha mchele kutoka Muze, bondeni Rukwa, kona kwa kona hadi juu kwenye baridi yetu, nikauuza Sumbawanga mjini. Na kwa mchele huo watoto wangu wawili walikuwa shuleni. Lakini gari halikuwa langu bado. Baada ya matanga, ukoo ulikubaliana nilitunze tu, mpaka kikao kitakapoketi na kuamua liende kwa nani. Shemeji yangu Aloisi, mdogo wake marehemu, alitaka liuzwe tangu siku ya kwanza. Alikuwa mtu mwema, na hadi leo ni mtu mwema, ila ulimi wake ulikuwa na makali ya shoka.

Matairi nilikuwa nayahitaji kwa kweli, maana ya zamani yalikuwa yameisha kama sabuni. Rimu sikuzihitaji. Zile za chuma zilikuwa na kutu na tope jekundu, lakini zilikuwa nzima. Nilitaka zinazong'aa, mwanangu, ili watu wa Katandala waone kwamba mjane hajachakaa. Muuzaji aliniambia, "Matundu sita, bolti sita. Zinaingia, mama." Na kweli ziliingia. Baadaye nilijifunza kwamba kuingia ni jambo moja, na kukaa ni jambo jingine.

Rimu tatu za zamani nilizirundika nyuma ya jiko. Ya nne niliipeleka kijijini kwa mjomba wangu, ambako kigango chao, kanisa dogo la kijiji, kilikuwa hakina kengele. Kwetu rimu nzee haitupwi. Hutundikwa kwa waya, hupigwa kwa kipande cha chuma, na sauti yake huita watu sala kutoka shamba la mbali.

Kesho yake, Jumatano tarehe 8, nilikwenda Laela, na Aloisi aliomba lifti. Kwenye vumbi la mjini gari lilikuwa tulivu. Tulipokanyaga lami na mshale ukafika themanini, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu kama mtu mwenye homa ya malaria. Nilipopunguza hadi sitini, ukatulia. Nilipoongeza, ukarudi.

"Shemeji," Aloisi aliniuliza taratibu, "unayetetemeka ni wewe au ni gari?"

"Ni barabara," nikamjibu.

"Barabara hii ni lami, dada yangu. Mkandarasi hakutandika homa."

Nikapunguza hadi sitini, tukaenda hivyo hadi Laela. Kufikia Jumapili, baada ya misa, ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba gari la marehemu linaharibika mikononi mwa mjane, na kwamba liuzwe kabla halijaua mtu.

Ijumaa ya tarehe 10 nilikuwa nimekwisha kulipeleka kwa Fundi Ambakisye, Mnyakyusa kutoka Mbeya aliyehamia kwetu na kuaminika upesi. Alifuta mikono, akaniuliza swali moja tu: "Mama, ilianza lini?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Mimi ninayeandika katika daftari tarehe ya kila jambo, hata siku kuku anapoatamia, nilimtazama usoni nikasema, "Siku nyingi, fundi. Tangu enzi za marehemu." Niliona haya kutamka kwamba nililiharibu mwenyewe kwa kupenda kung'aa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi mbele ya daktari aliyeyauliza kwa jina.

Fundi aliniamini, kama fundi anavyopaswa kumwamini mwenye gari. Kwa kuwa nilimwambia ni ugonjwa wa zamani, alitafuta katika vitu vya zamani. Alibadili viungo vya usukani. Alibadili bushi, ile mipira ya chini inayomeza mitikisiko. Alipeleka magurudumu yote manne kwenye mashine ya balansi, inayopima kama uzito umegawanyika sawa, na mashine ikasema hayana kosa. Alifunga shokapu mpya za mbele. Yote hayo katika wiki mbili, mengine mawili kwa siku moja. Na kila nilipofika themanini kwenye lami, usukani ulinisalimia vilevile.

Tarehe 30 Juni Aloisi alinipigia simu. "Shemeji, kikao kimepangwa Jumamosi ijayo, si hii ya keshokutwa. Tarehe tisa Julai. Mnunuzi yuko Tunduma, ameshaona picha. Gari likiwa bado linacheza ngoma, mimi nitasimama niseme liuzwe, na wazee watanisikia."

"Na likiwa limetulia?"

"Likiwa limetulia," akacheka, "nitaandika muhtasari mwenyewe kwamba ni lako."

Nilimwomba arudie maneno hayo, nikayaandika, na saa nikaiandika.

Jumamosi, tarehe 2 Julai, nilikwenda kwa mjomba Desideri, kaka wa mama yangu, katika kijiji kilicho ukingoni kabla njia haijaanza kuteremka Muze. Alikuwa na miaka themanini kasoro kidogo. Babu zake waliyeyusha chuma katika zile tanuru ndefu za udongo ambazo hadi leo utaona mabaki yake vichakani, naye aliendesha malori kwa miaka thelathini. Nilimkuta uani akipura ulezi. Nilipiga goti, nikapiga makofi ya heshima, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuacha kupura, akasikiliza maelezo yangu yote marefu ya bushi na shokapu. Nilipomaliza aliuliza, "Ilianza lini?"

Nikaangalia chini.

"Mwanangu," alisema, na sasa aliweka mti wake wa kupuria kando, "mwaka jana ulinitajia tarehe niliyoazima panga lako. Hii moja imepotelea wapi?"

"Tarehe saba Juni, mjomba. Siku niliyofunga rimu mpya. Kabla ya hapo halijawahi kutetemeka."

Alipangusa makapi ya ulezi mikononi. Kisha akasema, "Kwa hiyo umemtuma mwenzio shambani kumtafuta mbuzi aliye jikoni kwako. Na mbuzi analia, unamsikia, unaziba masikio."

Fimbo ya mzee haina alama, lakini ile naiona hadi leo.

Akaniuliza kama mtetemo nausikia mikononi au kwenye kiti. Nikasema mikononi. "Basi tunaanza mbele," akasema, "na tutagusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukigusa viwili, ukapona, hutajua dawa ilikuwa ipi."

Nililipandisha gari kwa jeki upande wa mbele. Alichomeka kijiti ardhini, ncha yake ikikaribia kugusa tairi, akalizungusha gurudumu polepole kwa mkono. Tairi likagusa kijiti, likaachia, likagusa tena. Lilikuwa likipanda na kushuka kwa unene wa ukucha. Kisha tukalifungua. Mjomba akasugua habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hukaa juu yake, mpaka kutu yote ikatoka. Akaiweka rimu yangu inayong'aa juu ya kitovu hicho bila nati, akaokota bua la ulezi uani, akalipitisha kati ya kitovu na tundu la katikati la rimu. Bua likapita. Likazunguka upande wa chini kama mtu anayetembea kwenye barabara yake mwenyewe.

"Sasa nataka rimu yako ya zamani," akasema.

"Ziko Katandala, mjomba."

"Moja haiko Katandala."

Tukaenda kigangoni. Katekista alituona tukifungua waya wa kengele, akaja mbio akiwa ameshika kofia. "Mama, umeitoa sadaka, sasa unaichukua? Na saa sita, saa ya sala ya Malaika wa Bwana, imekaribia."

"Leo piga jembe," mjomba akamwambia. "Malaika wa Bwana anajua sauti zote mbili."

Tuliibeba rimu ile nzee, yenye kutu na alama za nyundo, tukaiweka juu ya habu. Ilikaa kwa mlio mmoja mzito, kama kifuniko juu ya chungu chake. Mjomba akajaribu kuingiza bua la ulezi. Halikuingia. Akajaribu jani la bua. Nalo halikuingia. Kwa mbali tukasikia jembe likilia saa sita.

Hapo akanieleza, nami nitakueleza kama nilivyoelewa. Tundu la rimu mpya lilikuwa kubwa kuliko kitovu cha gari langu. Gurudumu halikukalia kitovu, lilining'inia kwenye nati tu. Na nati zikikazwa moja baada ya nyingine kwa mfuatano, hulivuta upande mmoja. Tofauti hiyo huioni kwa macho. Kwenye vumbi hujui. Kwenye lami, mwendo ukifika themanini, inakuwa nyundo. Na mashine ya balansi haikudanganya: yenyewe hushika gurudumu kwa tundu la katikati, kwa hiyo kule mashineni lilikuwa limekaa sawasawa. Kwangu halikukaa.

Tulirudisha magurudumu ya mbele, yaleyale ya rimu mpya, kwa uangalifu, gari likiwa bado juu, tukikaza nati kwa kuvuka, hii na ile inayotazamana nayo, kidogo kidogo, kisha tukalishusha na kumalizia. Hatukugusa kitu kingine. Jumapili tarehe 3, kwenye lami, mtetemo ulikuwa umepungua nusu. Niliandika: "Nusu." Sijawahi kufurahia nusu kama ile. Maana bila kubadili hata kifaa kimoja, ugonjwa ulikuwa umesogea. Na ugonjwa ukisogezwa kwa mkono wako, umekwisha kuushika.

Jumatatu nilirudi kwa Fundi Ambakisye. Hili lilikuwa gumu kuliko kuitoa kengele ya Mungu. Nilimwambia tarehe ya kweli, na kwa nini nilimficha. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, ungenitajia tarehe saba, nisingegusa hata kiungo kimoja cha usukani. Ningefungua gurudumu asubuhi hiyohiyo."

"Najua, fundi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila wiki mbili nimekuwa nikijiona mjinga mbele ya gari lako, na mke wangu nyumbani alikuwa akisikia habari hiyo kila siku. Naye umwombe msamaha."

Nilimwomba, na kilo tano za mchele wa Muze zilinisaidia kuomba. Fundi akapima kitovu, akapima tundu, akaenda kwa mchonga vyuma mjini, na Alhamisi tarehe 7 Julai alifunga ringi nne nyembamba zilizojaza nafasi ile kati ya kitovu na rimu. Akatafuta pia nati zenye umbo linalolingana na matundu ya rimu zile. Bua la ulezi nililitoa mfukoni mwenyewe, nikajaribu. Halikupita.

Jumamosi tarehe 9, kabla ya kikao, nilimpa Aloisi ufunguo mbele ya wazee. "Endesha wewe, shemeji."

Alitoka nalo kwenye lami, mimi nikiwa pembeni yake na mzee mmoja wa ukoo nyuma. Sitini. Themanini. Aloisi akakaza mikono akisubiri. Tisini. Mia moja. Akailegeza mikono, akaacha vidole viwili tu juu ya usukani, na usukani ulikuwa umelala kama mtoto aliyeshiba.

"Limenyamaza," akasema mwishowe.

"Halikunyamaza, shemeji. Limejibiwa."

Mzee wa nyuma alicheka hadi akakohoa. Tuliporudi, Aloisi alitimiza neno lake kama mwanamume: aliandika muhtasari kwa mkono wake kwamba gari ni la mjane na watoto wake, na mnunuzi wa Tunduma aambiwe atafute kwingine. Mwishoni aliandika tarehe kumi. Nikamwambia leo ni tarehe tisa. Akafuta, akaandika upya, akasema darasa la watu wazima limeuletea ukoo taabu. Wazee wote wakatia saini.

Sasa, mwanangu, neno langu kwako ni hili. Kitu kikiharibika, usianze na kile kilichozeeka; anza na kile ulichokigusa mwisho. Gusa kimoja, ujaribu, uandike, ndipo uguse cha pili. Kitu kikiingia, usidhani kimekaa. Na anayekuja kukusaidia, awe fundi, daktari, mwalimu au mkweo, mpe tarehe ya kweli hata kama imekaa mahali pa aibu yako, kwa sababu ukimpa ya uongo atakutibu kwa bidii ugonjwa ambao huna. Aibu yangu ingetajwa siku ile ya kwanza, ingedumu kwa muda wa kunywa chai. Niliificha, ikakaa karibu mwezi mzima, na ilibaki kidogo imeze nyumba ya watoto wangu.

Mungu akujalie kukaa vizuri juu ya kitovu chako, safari zako ziwe tulivu hata katika mwendo mkubwa, na usikose mzee wa kukuuliza ilianza lini. Mimi alinijalia. Kadi ya gari yenye jina langu kamili, majina yote matatu bila kosa la herufi hata moja, niliipokea mkononi Jumatatu, tarehe 15 Agosti 2016, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nikaisaini mwenyewe, kwa kalamu yangu, kwa mwandiko wa kuunganisha.