Kisanduku Kimoja cha Pahali

Municheke tu, nimestahili. Mimi njo napangaka masomo ya shule mu kompyuta hapa Bunia. Kila somo iko na fishi yake: kalasi, luga, pahali shule iko. Juu ya ile fishi niko mukali kupita soda wa baryeri, ule askari anafungaka barabara.

Mama Furaha, direktrise wa shule ya Tchomia, alikuja kuniomba: "Papa Jean, ongeza ku fishi yetu kisanduku cha pahali pa pili. Siye watu wa kukimbia vita tunahamaka."

Sikuinua hata macho. "Mama, norme ni norme, sheria haivunjwe. Nikikuongezea weye, kesho kila mutu ataomba yake."

Akaguna, akaenda. Nyuma ya ukuta wa biro yangu watoto walikuwa wanaimba, kelele ya kila siku. Nikatoka kuwafukuza.

Ikafika siku ya kupeleka tableti zenye masomo. Kompyuta yangu ilisema Tchomia, basi nikamupakiza inspekteri wa mashule mu jeep, tukashuka mpaka ku ziwa, vumbi mu meno, hotuba yangu mu mufuko. Mu uwanja wa shule hatukukuta mwanafunzi hata mumoja. Kulikuwa samaki, wameanikwa juu ya madawati.

"Pigia direktrise," inspekteri akasema. "Weka sauti, nisikie."

Mama Furaha akaitika polepole. "Papa Jean, siye hatuyarudi Tchomia bado. Tuko kule Bunia, ku Bigo, nyuma ya biro yako. Bale batoto unafukuzaka kila asubui, njo bangu."