Shingo Inasemeka

Sikusoma. Nyumba yangu ya Kadutu niliijenga kwa faida ya kamyo yangu, lori la kubeba mihogo ya Kamanyola, na mutu aliyetaka kunieleza kitu alikieleza kwa lugha yangu ao alinyamaza. Ndiyo maana siku ile mbele ya docteur inanipa haya mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaïre. Asubuhi moja mukono wangu wa kuume ulikufa nikiwa nimeshika kikombe, kisha ukaamuka. Docteur akasikiliza shingo, akasema mushipa unaopandisha damu kichwani umeziba. Mara ijayo ningepoteza hata maneno. Angenituma Bulaya, ila nichague njia. Alisema Kifaransa. Mutoto wangu mukubwa alikuwa safarini Mwenga, basi aliyenigeuzia ni bibi yake, mukamwana wangu, mwalimu.

"Papa, njia ya kwanza, wanapasua shingo, wanafungua mushipa, wanakwangua uchafu, wanashona. Hiyo wanaijua tangu zamani. Ya pili iko mupya: wanapitisha waya ndani ya mushipa mpaka shingoni, wanaacha ka-ressort, kaspringi kanakoupanua."

"Ressort? Kama ya kamyo?"

"Kadogo, Papa."

"Waya unaingilia wapi?"

Akaangalia chini. "Kwa... muguu."

"Muguu! Mwizi gani anaingilia chooni ili aibe saloni?" Nikacheka peke yangu.

Docteur alidhani sikuelewa. Akanikaribia, akaweka vidole juu ya suruali yangu, pale paja linapokutana na tumbo. "Hapa," akasema kwa Kiswahili chake. "Tunanyoa, tunatoboa."

Mukamwana akageukia dirisha. Kwetu mukamwana hakalii hata kiti cha baba mukwe.

Docteur akarudia Kifaransa chake, naye akageuza akitazama ziwa: moyo wangu umechoka, usingizi wa dawa kabla ya kisu ungeweza kuushinda; ressort haiombi usingizi ule, lakini vipande vya uchafu vinaweza kung'oka na kupanda kwenye ubongo. Nilisikia nusu. Nilikuwa bado naona vile vidole juu ya suruali.

"Shingo," nikasema.

"Muzee, na moyo wako?" docteur akauliza.

"Nimesema shingo."

Walinipasua, moyo ukavumilia. Wauzaji wa Kadutu wakiona kovu wanapiga kelele: "Muzee huyu hakuogopa kisu!" Nami naacha kola wazi.

Mukamwana akinileta chai, anaweka kikombe mezani, haangalii shingo. Yeye anajua niliogopa nini.