Nyumba ya Pili ya Papa Rachidi

Papa Rachidi ni fundi cherehani wa Mangobo, hapa Kisangani, na mpaka mwaka juzi hakuna mtu aliyekuwa na la kusimulia juu yake. Alishona sare za shule, kanzu za Idi na mabulauzi ya harusi. Alifungua duka asubuhi, akafunga kabla ya magharibi, akapita msikitini, akarudi kwa mkewe Ramla. Mji hauna haja ya kumtazama mara mbili mtu wa namna hiyo. Sifa yake moja ilikuwa kujizuia. Hakunywa pombe, hakula njiani, na kila Ramadhani alituhutubia sisi majirani juu ya ulafi huku kitambi chake kimeegemea meza ya cherehani. Kitambi hicho, alisema, ni cha ukoo. Mababu zake walifika huku na misafara ya biashara na walikuwa watu wenye miili.

Kisha kiu ikamwanza. Alikunywa maji jagi baada ya jagi, na wateja wakamngoja dukani huku yeye yuko chooni. Kwenye kituo cha afya wakamwambia ana ugonjwa wa sukari, wakampa vidonge na maneno machache: apunguze kula. Binti yao Madina, aliyeolewa Kinshasa, akawatumia kifaa cha kupimia, kile cha kutoboa kidole.

Kifaa kilikuwa cha Papa Rachidi kwa muda mfupi sana. Ramla aliwahi kufundisha darasa la kwanza na kwa kweli hajawahi kuacha. Alikichukua, akakifunga kwenye pindo la liputa yake, kitenge cha kiunoni, na tangu hapo yeye ndiye aliyetoboa kidole na yeye ndiye aliyesoma namba. Sukari ikaondoka kwenye chai. Lituma, ndizi za kupondwa ambazo mumewe alizipenda kuliko nyama, ikawa bonge dogo la kutoshea kiganjani. Jioni, baada ya siku ya utii, kifaa kilionyesha mia na thelathini. Ramla akaridhika.

Asubuhi kikaonyesha mia na tisini.

"Papa Rachidi," alisema, "ulikula nini?"

"Sikukula kitu. Si nililala?"

"Mutu hawezi kulala na sukari ikapanda yenyewe."

Hoja hiyo ilionekana haina tundu. Ramla akaanza na kabati la jikoni. Alilitia kufuli, ufunguo ukaenda kukaa pamoja na kifaa kwenye liputa. Sukari ya asubuhi ikabaki palepale. Akachungulia chini ya kitanda, akafukua sanduku la vitambaa, akanusa mifuko ya makoti. Hakupata hata kombo la mkate. Mtu mwingine angeanza kumwamini mumewe, lakini Ramla aliona kwamba kama chakula hakipo nyumbani basi kiko nje, na chakula cha nje kina mpishi.

"Kuna vyakula vinachelewa tumboni," alituambia sisi wanawake wa jirani. "Anakula kwake jioni mbele ya kurudi, donc basi mi nikipima bado haijashuka kwa damu. Asubuhi ndiyo inatokea."

Tulimwuliza kwake ni kwa nani. Akataja Claire.

Claire ni mjane wa ukoo wa wavuvi wa kwenye maporomoko ya mto, anauza samaki wa moshi soko la Mangobo, na meza yake inatazamana na mlango wa duka la Papa Rachidi. Mwezi ule alikuwa ameingia pale mara kadhaa kujaribisha bulauzi. Ushahidi ulikuwa huo tu, lakini ulitutosha.

Papa Rachidi aliposikia, alifanya jambo ambalo yeye aliliona ndilo la busara. Aliacha chakula cha jioni kabisa. Alirudi nyumbani mapema, akakaa kwenye kiti mbele ya mlango ili kila mpita njia amwone hajala, akalala na njaa. Asubuhi Ramla akatoboa kidole. Namba ilikuwa imepanda kuliko ya jana.

"Unaona," Ramla alisema. "Umeacha chakula yangu kwa sababu ya kwake inakushibisha."

Wakati huohuo jambo lingine lilikuwa likiendelea, na hili Papa Rachidi hakumwambia mkewe. Wanaume walianza kumwona. Waendesha pikipiki wa pembeni ya soko, ambao miaka yote walimpita kama nguzo, sasa walimsalimia kwa kuinua mkono. Wazee baada ya sala walimsogezea nafasi na kumwuliza hali kwa tabasamu la pembeni. Mmoja alimwambia, "Kumbe weye!" na kumpiga begani. Papa Rachidi alikana, ndiyo. Lakini alikana kwa sauti ndogo na bila haraka, kama mtu anayekataa kipande cha pili cha nyama akitumaini mwenyeji ataendelea kusisitiza. Alichonga ndevu. Alijishonea shati la kitambaa kilichokuwa kimewekewa mteja.

Claire hakupendezwa. Aliingia dukani mchana, beseni la samaki kichwani, akasimama katikati ya wateja.

"Papa Rachidi, wanasema mi nakulisha."

"Watu wanasema mengi, mama."

"Na weye unajibu namna gani?"

Papa Rachidi akatazama sindano. "Nakana."

"Unakana kama mutu anapigwa picha," Claire alisema. Akatoka, akavuka njia, akaenda moja kwa moja hadi kwa Ramla na kumwambia kwamba samaki wake ni wa kuuza, hajawahi kupika hata kichwa kimoja kwa ajili ya mume wa mtu, na kama kuna kesi basi isemwe mbele ya wakubwa.

Ndipo akaitwa tonton Jafari, mjomba wa Ramla, ambaye huitwa kwa kila kesi ya ukoo ule kwa sababu hatoki mapema na hakubali kukosolewa. Alisikiliza pande zote. Akaamua hivi: Papa Rachidi atahamia kwake kwa siku kadhaa, atakula sahani moja naye jioni, atalala kwenye mkeka pale sebuleni, na yeye Jafari atakaa kwenye kiti karibu naye mpaka kuche. "Mi silalaki," alisema. "Tangu ujana. Kila mutu anajua."

Kila mtu alijua kwamba tonton Jafari hukoroma hata kwenye matanga. Lakini hakuna aliyethubutu kusema.

Asubuhi ya kwanza Ramla alifika na kifaa chake. Jioni iliyotangulia alipima mia na thelathini na tano, asubuhi hiyo mia na themanini na nane. Akamgeukia mjomba wake.

"Tonton, alikula?"

Hapo mzee akabanwa. Akisema hajui, amekiri kwamba alilala. Akisema alimwona akila, atadaiwa aseme alikula nini na kilitoka wapi. Akajiweka sawa kitini na kutoa ushahidi ambao hakuwa na haki ya kuutoa, na ambao ulikuwa kweli tupu.

"Huyu mutu hakufungua kinywa. Nilimwangalia usiku muzima."

Ilikuwa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi mzee aliapa kwa nguvu zaidi. Mwishowe Ramla hakuwa na pa kukimbilia. Mumewe hakula, na sukari ilipanda. Jirani mmoja akanong'ona kwamba labda analishwa ndotoni na wachawi, lakini Ramla alimkata. Anayelishwa ndotoni, alisema, hawezi kuamka na njaa ya namna ile. Akamchukua mumewe na mjomba wake, wote watatu wakapanda pikipiki mbili kwenda kwa daktari.

Dokta Émilie ni mwanamke mfupi, mpole, anayeongea akichora. Alisikiliza kisa chote, pamoja na samaki. Akamlaza Papa Rachidi, akampitishia kile kifaa cha kutazama ndani ya tumbo.

"Papa, hauna nyumba ya pili," alisema. "Uko na ini, na imejaa mafuta."

Ramla akakaa vizuri, kama siku za shule. "Ini inakula?"

"Ini inaweka akiba, mama. Tukikula, kongosho inatoa insulini. Insulini inapita kwa ini kwanza, mbele ya kuzunguka mwili. Inagonga kwa mlango wa kila chembe ya ini na inasema: chakula imefika, weka hii sukari, na acha kutengeneza ingine. Ini ikishasikia, inavunjavunja karibu nusu ya ile insulini, kazi imeisha. Tukilala na njaa, kongosho inatoa mjumbe mwingine, glukagoni. Yeye anasema: toa akiba, ubongo usikose chakula. Donc kila mutu, hata mimi, usiku ini yangu inanilisha."

"Na yake?" tonton Jafari aliuliza.

"Yake haisikii tena vizuri. Insulini inagonga, mlango iko, lakini ndani ujumbe haufiki mbali. Basi ini inafikiri kila usiku ni njaa. Inatoa sukari, inatengeneza na ingine. Kongosho inaongeza insulini ili isikike, na ini yenye mafuta inachelewa kuiondoa, kwa hiyo inajaa mu damu bure. Na papa alipoacha kula jioni, glukagoni ikapata nguvu zaidi."

Papa Rachidi alinyanyua kichwa. "Kumbe nilipofunga ndiyo nilizidisha?"

"Kidogo, ndiyo. Na kuna jambo lingine. Insulini inaamuru ini mambo mawili: acha kutengeneza sukari, na tengeneza mafuta. Ile ya kwanza ini yako haisikii. Ile ya pili inasikia vizuri sana."

Ramla alifikiri. "Mi nilikuwa na watoto wa namna hiyo darasani," alisema. Kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu, na tonton Jafari akatazama dirisha.

Daktari alimbadilishia dawa, akampa metformini, ambayo kazi yake kubwa ni kulituliza ini lisitoe sukari ovyo. Akamwagiza ale jioni, kidogo na mapema, atembee kila siku, na kitambi kipungue hata kama ni cha ukoo.

Ramla alijua deni lake lilipo. Alikwenda sokoni saa ya watu wengi, akasimama mbele ya meza ya Claire, akasema kwa sauti ya darasani, "Mama Claire, nilikukosea. Bwana yangu hakula kwako. Ilikuwa ini."

Claire aliendelea kupanga samaki. "Nimesikia. Lakini usitangaze sana, mama. Tangu ile maneno, wanaume wanapita hapa kuangalia kama ni kweli, na hawawezi kuangalia bila kununua."

Ramla alifungua pindo la liputa na kutoa pesa. Akanunua samaki wawili.

Habari za ini zilienea Mangobo kwa wiki moja tu, lakini zilitosha kummaliza Papa Rachidi. Waendesha pikipiki wakarudi kumpita kama nguzo. Wazee wa msikitini walimpa pole, na pole ni kitu kingine kabisa. Lile shati jipya alilivaa mara moja tena, kisha akalikunja na kuliweka ndani ya sanduku. Nilipomuuliza kama hakufurahi jina lake kusafishwa, aliendelea kupiga cherehani mpaka mwisho wa pindo.

"Nimefurahi," alisema. "Lakini kama watu wangejua baada ya Idi, ingekuwa vizuri pia."

Sasa kila alfajiri wanatembea, yeye na Ramla, hadi ukingo wa mto na kurudi, Ramla akitangulia hatua chache. Sukari ya asubuhi imeanza kushuka, si haraka, lakini inashuka. Suruali zake zimekuwa pana, na jana nilimkuta dukani amevua moja, amekaa na kitambaa kiunoni, akiifumua ili aipunguze. Aliniomba nirudi baadaye.