Mkaja wa Malkia wa Disko

Mamangu mdogo alikuwa malkia wa disko, na jina lake silitaji, mwalijua wenyewe. Mwenye redio pwani hii na asiyemcheza ni kiziwi. Mpaka leo, ukipita Bondeni mchana, kuna kinyozi huuweka wimbo wake tangu afungue mlango, na vijana waliozaliwa juzi hutikisa mabega bila habari kwamba aliyeimba yu hai, ana sukari, na miguu yamvimba.

Alianzia chuoni, kwenye kasida za madrasa. Mwalimu alikuwa akimtanguliza mbele kila Maulidi. Kisha bendi ya hoteli moja ya kule ng'ambo ya Nyali ikamsikia kwenye harusi, na mara binti wa Mji wa Kale akawa ndani ya gauni linalometameta, anawaimbia wazungu chini ya taa za kuzunguka. Babu alitangaza kwamba hana mwana huyo. Alitangaza kwa mdomo tu. Nyama aliyoletewa na mwana huyo aliila na mchuzi akaukomba.

Akavuma. Ikawa kila disko la mji lataka sahani yake ya santuri, na hata waliomlaani barazani waliujua ubeti wa pili. Akiwa juu hivyo, akaolewa na mpiga gita, na yule mpiga gita akamwacha na mimba. Akaja kujifungulia kwetu, mtoto wa kike. Mama, ambaye ni dadake, ndiye aliyemkanda na kumfunga mkaja, ule ukanda wa nguo wa kulirudisha tumbo la mzazi. Nilikuwa mkubwa, nakumbuka vizuri. Hata arubaini haijatimu, wakapiga simu kutoka Dubai: kuna hoteli yamtaka, na yamtaka sasa. Akaufungua mkaja kwa mkono wake, akavaa gauni, likagoma kiunoni. Akavuta pumzi mpaka likakubali. Mtoto akabaki mgongoni mwa mama yangu.

Alikuwa akija na kwenda. Akija, ni manukato na viatu vya kisigino. Mtoto akimwita anti. Mama akaitwa mama. Hakuna aliyepanga hivyo, na hakuna aliyesahihisha. Disko lilipokufa akarudi moja kwa moja, akapewa chumba cha juu, kile cha nyuma. Mtoto alikuwa ameshakuwa mwanamke, na anti alibaki anti.

Ndipo posa ikaja kutoka Kizingo. Wale watu wa nyumba za bustani, wanaozungumza polepole na kwenda msikitini kwa gari. Mdogo wangu, maana kwangu ni mdogo wangu, akawaambia wakweze kwamba mamake ni mama yangu, kamzaa na kamlea. Ati angefanya nini? Awaambie kazaliwa na yule wa disko?

Kwetu mume hutoa mahari, na kando ya mahari kuna haki za mama. Mkaja ni wa tumbo lililozaa. Ubeleko ni wa mgongo uliobeba. Siku hizi watu huvifunga pamoja wakampa mama mmoja, yakaisha. Siku moja tunachagua mchele, mamangu mdogo akamwambia mama, "Dada, ubeleko ni wako, wallahi ulimbeba. Mimi nipeni mkaja. Waulize mbele za watu mama mzazi ni nani, nisimame, basi. Mara moja tu."

Mama hakuinua macho. "Mkaja upi? Ule uliouvua kabla ya arubaini ukakimbilia gauni?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Haya, lete methali nyingine."

Mamangu mdogo akarudi kwenye mchele. Nilimwona mama ana haki, na huyu mwingine nikamhurumia mpaka nikakasirika.

Akamwendea bibi harusi mwenyewe, anatiwa hina, hawezi kukimbia. Akamwomba vilevile. "Tutaona, anti," mdogo wangu akajibu, na kutabasamu akatabasamu. Masikini mamangu mdogo akalichukua neno lile kuwa ndiyo. Miaka yote ile jukwaani, na hakujifunza kumjua mtu anayemkataa kwa adabu! Akaenda akashona dira ya rangi ya majivu, haina hata ushanga mmoja. Akanionyesha. "Yafanana na mama wa watu?" Nikamwambia yafanana.

Siku ya kupamba, alasiri, ukumbi ukajaa wanawake. Wa Kizingo wakaingia kwa vigelegele na moshi wa udi, na sinia mbele, mkaja juu yake umekunjwa ndani ya leso mpya. Shangazi wa bwana harusi akashika maiki. "Mwenye mkaja yuko wapi? Mama aliyemzaa mwari wetu na asimame!"

Nikamtazama mama. Mama aliketi. Aliinamisha kichwa, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, na hakusimama. Wallahi siku ile nilimpenda mama yangu kuliko siku zote.

Mamangu mdogo akasimama.

Shangazi akamtazama, akatutazama sisi. "Na huyu ni nani?"

Bibi harusi wa kwetu akipambwa hasemi. Hukaa kama sanamu, macho chini. Huyu wetu aliyainua macho. "Huyo ni mwimbaji," akasema. "Tumemwita aje kututumbuiza. Mama yangu ni yule aliyeketi."

Lo! Mtu angenipiga kofi lisingeniuma vile. Lakini ukumbi ulilipuka kwa furaha. "Kumbe ndiye yeye! Ndiye mwenyewe!" Wanawake wakamzunguka. Mkaja ukapita juu ya vichwa vyao ukawekwa mapajani mwa mama, na mama hakuugusa. Maiki ikatiwa mkononi mwa mamangu mdogo. Nilimngoja alie, au atukane, au aseme kweli yake akatuvunjia harusi. Alikuwa na haki na alikuwa na maiki.

Akaimba. Sauti ilikwaruza mwanzo, kisha ikafunguka, na wale wake wa Kizingo wakavua mabuibui wakacheza mpaka jasho likawatoka. Mimi nililia hadharani. Nikaulizwa kama nalia kwa furaha.

Alipomaliza, shangazi akamshika mkono, mwema kabisa, hana ubaya wowote. "Mashallah, bibi. Na watoto je, Mungu alikujaalia?"

Maiki haikuwa imezimwa. Ukumbi mzima tulisikia.

"La, dada yangu," akasema. "Mimi sikujaaliwa."